Tepe Tatu za Sajini Eroni

Waidrakai,
6 Februari 2017

Kwa Mkuu,
Ofisi ya Kumbukumbu za Askari Wastaafu,
Suva.

YAH: KUSAHIHISHIWA CHEO CHA KUSTAAFU

Mheshimiwa,

Mimi naitwa Eroni Nabalarua. Nililitumikia jeshi tangu ujana wangu hadi mwaka 1994, na zamu mbili katika muda huo nilikuwa jangwani nikilinda amani ya watu wengine. Nilistaafu nikiwa Sajini. Sijisifu, nataja tu cheo changu.

Jumapili iliyopita mchungaji wetu alisoma kanisani majina yatakayochongwa kwenye bamba la shaba, la askari wote wa kijiji hiki. Majina yametoka kwenu. Alipofika kwangu akasoma, "Koplo Eroni Nabalarua." Kanisa zima likageuka kunitazama. Akina mama wa kwaya wakaanza kukohoa, na mimi kikohozi cha namna ile nakijua. Hapa kijijini, mheshimiwa, mimi siitwi Eroni. Naitwa Sajini. Watoto wanaoniamkia asubuhi hawajui kama nina jina jingine.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloniuma hasa. Mke wangu Makereta amelala nyuma ya kanisa hilohilo. Jiwe lake limeandikwa: Makereta, mke wa Sajini Eroni Nabalarua. Bamba lenu litapigwa misumari kwenye ukuta unaotazama makaburi. Mtu akitoka ibadani atalisoma bamba, kisha atalisoma jiwe, halafu atajiuliza ni nani mwongo, serikali au marehemu. Jibu watakalolitoa nalijua tayari. Mke wangu hakuwa mwongo, na sitaki awe mwongo akiwa kaburini.

Naomba mrekebishe kabla bamba halijachongwa.

Wenu mtiifu,
Eroni Nabalarua
Sajini (Mstaafu)


Suva,
27 Februari 2017

Bw. E. Nabalarua,
Waidrakai.

YAH: KUSAHIHISHIWA CHEO CHA KUSTAAFU

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 6 Februari.

Jalada lako limekaguliwa. Ni kweli kwamba ulipandishwa kuwa Sajini mwaka 1989. Hata hivyo, hati yako ya kustaafu imejazwa cheo cha Koplo, kwa mwandiko wa kamanda wako wa kombania, Meja Inosi Koroitamana, na chini yake ipo sahihi yako mwenyewe. Hakuna shauri la nidhamu wala sababu nyingine iliyoandikwa.

Kwa utaratibu uliopo, cheo kilichojazwa na kamanda na kukubaliwa na askari kwa sahihi yake hakibadilishwi, isipokuwa kwa maelezo ya maandishi ya kamanda huyohuyo. Meja Koroitamana amestaafu na anaishi kisiwani Nukubolavu. Unashauriwa uwasiliane naye. Majina yatapelekwa kwa mafundi mwisho wa mwezi Julai.

Kapteni Laisani Tukana
Kny: Mkuu wa Ofisi

Mzee wangu, hili naliongeza kwa kalamu, si la ofisi: kwa nini ulitia sahihi?


Waidrakai,
9 Machi 2017

Wewe Inosi, mla dagaa,

Sikuamkii. Miaka minne hatujaandikiana na ningependa iwe arobaini, lakini nimelazimishwa na kapteni mmoja huko Suva, binti mwenye adabu kukuzidi wewe mara mia.

Unaikumbuka jioni ya kuniaga kambini? Tulikunywa kava mpaka ndimi zikafa ganzi. Ukasimama, ukasema mtani hanyimwi kitu, ukanivua shati la sare mbele ya kombania nzima. Shati lile Makereta alilishona tepe tatu kwa mkono wake. Ukanivika la koplo wa jikoni, linanuka vitunguu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Sikatai, mtani ana haki hiyo.

Asubuhi yake ukaniletea karatasi ya kustaafu nitie sahihi. Sikuisoma. Nani anasoma karatasi anayopewa na mtani wake, mtu aliyekula naye mchanga jangwani? Nikatia sahihi nikiwa natazama hiyo sura yako mbaya. Kumbe umeandika Koplo!

Shati ni shati, Inosi. Karatasi ni kitu kingine. Sasa wanataka kulichonga kwenye shaba, mbele ya kaburi la Makereta. Andika mistari miwili tu kwenda Suva, useme ulikuwa utani. Mistari miwili haitakuua, ingawa kwa uvivu wako sina hakika.

Eroni


Nukubolavu,
24 Machi 2017

Bula, Eroni mla vyura,

Naona huko milimani hatimaye mmefundishwa kusoma. Hongereni sana! Imekuchukua miaka ishirini na mitatu kumaliza karatasi ya mistari sita. Nikikutumia gazeti utalimaliza ukiwa mbinguni, kama watakuruhusu kuingia na miguu hiyo.

Sasa sikiliza. Watu wa Nukubolavu na watu wa Waidrakai ni watani tangu enzi za mababu, na sheria yake hukuitunga wewe. Babu yako alikuja kwetu akachukua mlango wa nyumba ya babu yangu. Mlango, Eroni! Tulilala wazi msimu mzima wa vimbunga na hakuna aliyefungua kinywa kusema rudisheni. Babu yangu alifanya nini? Alivuka bahari, akapanda milima yenu ya matope, akachukua ngoma ya kanisa lenu. Mkakaa mwaka mzima mnaitana ibadani kwa kupiga sufuria. Ndivyo tulivyo. Alichochukua mtani hakiombwi. Anayeomba arudishiwe anasema sisi si watani tena, ni watu tu tunaofahamiana.

Sasa wewe unaniomba. Haya, omba basi kama mgeni anavyoomba. Njoo na jino la nyangumi, piga magoti mlangoni kwangu, sema mbele ya watu wote kwamba utani wa Waidrakai na Nukubolavu umekwisha, na aliyeumaliza ni wewe. Hapo nitakuandikia mistari miwili, hata kumi.

Bila hivyo, ng'o!

Meja Inosi Koroitamana


Waidrakai,
3 Aprili 2017

Inosi,

Unanichezea, na mimi leo sichezi.

Ulikuja hapa siku ya kufunua jiwe la Makereta. Ulisimama mbele ya watu, ukaombwa ulisome jiwe kwa sauti kwa sababu wewe ni meja na una sauti ya kumtisha ng'ombe. Ukasoma, "mke wa Sajini Eroni Nabalarua." Ukasema amina. Ulijua ulichokiandika kwenye hati yangu, ulijua kwamba jiwe lile na karatasi yako havisemi kitu kimoja, na ukakaa chini ukala viazi vyangu vikuu na nguruwe wangu, na mdomo ukaufunga.

Makereta alikupikia wewe. Ulipougua homa kali ni yeye aliyekuwa akikulisha uji kwa kijiko, kwa sababu mkeo Salanieta alikuwa kisiwani na meli haikuja. Huyo ndiye uliyemsomea jiwe la uongo?

Usinifundishe utani. Mtani anachukua mbele ya macho yako. Wewe ulichukua mgongoni kwangu, na hilo lina jina jingine. Ni ubaya, Inosi. Ni ubaya mtupu.

Sipigi magoti. Wala jino la nyangumi hulioni.

Eroni Nabalarua, Sajini


Nukubolavu,
15 Aprili 2017

Umetaja makaburi. Vizuri, tuyaongee.

Makereta wako alipokufa nilisafiri na meli ya mizigo, nimekalia magunia ya nazi kavu, nikafika kwenu hata sijaoga. Kabla hamjamshusha yeye, nilishuka mimi. Nikalala chali humo kaburini, nikawaambia pazuri hapa, pana ubaridi, marehemu mtafutieni kwingine. Nikagoma kutoka mpaka mkanipa nguruwe. Mama mkwe wako alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Na wewe ulicheka. Ulikuwa hujatia kitu tumboni tangu alipokata roho, ukacheka, na baada ya kucheka ukala. Nilikutazama ukila. Nikajua utaishi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na mimi niliifanya.

Salanieta wangu alipokufa nilikaa kwenye mkeka nikitazama njia ya bandarini. Nikajiambia, sasa hivi Eroni atatokea, atasema marehemu kachoka na kukoroma kwangu, ameona afadhali afe. Nilikungoja. Watu walilia kwa adabu, kwaya ikaimba kwa adabu, maafisa wakanipigia saluti. Hakuna hata mmoja aliyenitukana! Nilimzika mke wangu kama mtu anayezika ugenini. Sikula, Eroni. Hakukuwa na mtu wa kunifanya nile.

Hukuja. Hukutuma mtu. Hukuandika. Miaka minne! Leo umekumbuka ninapoishi, na kilichokukumbusha ni tepe.

Sitaandika chochote Suva.

Inosi


Waidrakai,
29 Aprili 2017

Inosi,

Nilikuja.

Sikutaka kukwambia, nilitaka nife nalo, lakini umenichokoza. Nilikuja na furushi la mizizi ya kava na mkeka mmoja. Njia nzima melini nilikuwa nikitunga matusi yako. Nilikuwa nayo mazuri sana.

Pale getini kwako mliweka meza. Alikaa luteni mmoja kijana, mbele yake majina ya wastaafu kutoka Suva, anawapanga watu kwa vyeo: maafisa chini ya turubai, masajini barazani, waliobaki nyuma ya jiko. Nikamwambia Sajini Nabalarua. Akatafuta, akasema hakuna Sajini, yupo Koplo. Nikamwambia tazama tena, kijana. Akacheka, akamwambia mwenzake kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hawa wazee wakishastaafu hujipandisha vyeo wenyewe." Foleni nzima ikacheka.

Nilijua palepale. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikiona kile kicheko chako cha asubuhi ile, umenishikia kalamu, na nikaelewa ulichokuwa unachekea.

Ningeingiaje nikuchekeshe? Nikae nyuma ya jiko, nikutukane nikiwa koplo, watu waseme na huyu mwongo naye amekuja? Niliuacha mkeka na kava pale kwenye ukuta, nikarudi melini.

Kwa hiyo usiniulize nani alikunyima mtani msibani kwako. Ulijinyima mwenyewe, kwa mwandiko wako.

Eroni


Nukubolavu,
8 Mei 2017

Kwa hiyo ulifika. Ulifika mpaka getini. Salanieta amelala ndani, mimi nimekaa pembeni yake, na wewe ukageuza kwa sababu ya mahali pa kukaa!

Ungeingia ukakaa nyuma ya jiko. Ungekaa hata juu ya paa pamoja na kuku. Mimi ningekuona, ningekuita, ningemshika yule luteni sikio. Lakini wapi! Sajini hawezi kukaa na wapishi. Nilidhani niliandika Koplo kwa mzaha, kumbe niliandika ukweli.

Usiniandikie tena.

Wazee wa kanisa lenu wamenialika kufunua bamba tarehe tisa Septemba. Nimekubali leo hii. Nitakuja na koti langu jekundu la sherehe, nishani zote kifuani, nitavuta kitambaa, nitasoma majina kwa hiyo sauti ya kumtisha ng'ombe. Nikifika kwako nitasoma kilichochongwa.

Meja Inosi Koroitamana


Juu ya meza yako, Nukubolavu,
10 Juni 2017

Meja,

Nimekuja, umekwenda kuvua. Shemeji yako Unaisi amenikaribisha vizuri kuliko unavyostahili. Nimekula samaki wako wa nazi wote, na kichwa, na mchuzi nimeufuta kwa muhogo. Nimelala kidogo kwenye kitanda chako. Kina mashimo.

Koti lako jekundu lilikuwa kabatini. Nimelichukua, pamoja na nishani zake. Kofia nimekuachia, hakuna kichwa kingine nchini kitakachoijaza.

Thubutu kuniomba.

E. N.


Nukubolavu,
12 Juni 2017

Kapteni Tukana,
Ofisi ya Kumbukumbu,
Suva.

YAH: KUCHUKULIWA KOTI LA SHEREHE

Naripoti kwamba tarehe 10 mwezi huu, nikiwa baharini, Sajini Eroni Nabalarua wa kombania yangu ya zamani aliingia nyumbani kwangu, akala chakula changu chote, akalalia kitanda changu, akaondoka na koti langu jekundu la sherehe na nishani zote. Ameacha ujumbe wa kejeli wenye sahihi yake. Shemeji yangu ni shahidi, ingawa anacheka kila nikimhoji.

Siliombi koti lirudi. Kwetu haliwezi kuombwa, na sababu zake ni ndefu. Ninachotaka ni kimoja: iandikwe kwenye jalada lake kwamba aliyelichukua ni yeye, kwa jina na kwa cheo chake.

Meja (Mstaafu) I. Koroitamana


Suva,
20 Juni 2017

Meja (Mstaafu) I. Koroitamana,
Nukubolavu.

YAH: KUCHUKULIWA KOTI LA SHEREHE

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 12 Juni.

Ofisi imetafuta Sajini mstaafu mwenye jina ulilolitaja na haikumpata. Aliyepo ni Koplo Eroni Nabalarua, kwa mujibu wa hati uliyoijaza wewe. Ofisi haiwezi kuandika lawama kwenye jalada la mtu ambaye kwa kumbukumbu zetu hayupo. Kama unayemlalamikia ni Koplo, tafadhali andika upya ukisahihisha cheo. Kama ni Sajini, tafadhali eleza kwa maandishi, kwa sahihi yako, alipataje kuwa Sajini ilhali hati yako inasema vingine.

Naomba jibu kabla ya mwisho wa Julai.

Kapteni Laisani Tukana
Kny: Mkuu wa Ofisi


Nukubolavu,
1 Julai 2017

Binti Kapteni,

Unaniuliza MIMI kama Eroni Nabalarua alikuwa sajini?

Nilimpendekeza mimi. Nilimwona jangwani akiwatoa vijana wetu kwenye uwanja uliotegwa mabomu, yeye mbele, anachoma mchanga kwa kijiti kabla ya kuweka mguu, wao nyuma yake wanakanyaga alipokanyaga. Walikuwa wanatetemeka, basi akawa anawaimbia nyimbo za kanisani ili wafuate mwendo. Ana sauti mbaya kupita kiasi. Alikosea beti zote, wakaanza kumzomea, na wakati wanamzomea wakawa wameshatoka. Huyo ndiye mnayemwandika koplo?

Neno Koplo kwenye ile hati niliandika mimi, kwa mkono wangu, asubuhi ya kumuaga, kwa utani. Nilitaka alisome aruke, anijie juu, aje kwangu achukue kitu kikubwa zaidi, nami niandike hati nyingine. Karatasi safi nilikuwa nayo mfukoni. Pumbavu lile halikusoma! Likatia sahihi linanitazama usoni, linacheka. Mimi siwezi kurudisha nilichochukua kabla mwenzangu hajachukua chake. Ndivyo tulivyolelewa, na anayerudisha mwenyewe ametangaza kwamba utani umemshinda. Nikasema nitangoja. Nikangoja mwaka, nikangoja wa pili, baadaye nikaona haya kulitaja. Siku ile mbele ya jiwe la mkewe nilikuwa karibu niseme. Nikasema amina.

Sasa amechukua. Alistaafu akiwa SAJINI. Hakupata kushushwa cheo, si na mimi, si na mtu yeyote mwenye akili timamu. Andika hivyo, utie muhuri, halafu uandike na wizi wake hapohapo chini.

Meja (Mstaafu) Inosi Koroitamana


Suva,
14 Julai 2017

Bw. E. Nabalarua,
Waidrakai.

YAH: KUSAHIHISHIWA CHEO CHA KUSTAAFU

Kufuatia maelezo ya maandishi ya kamanda wako wa zamani, ya tarehe 1 Julai, cheo chako cha kustaafu kimesahihishwa kuwa SAJINI kuanzia tarehe ya kustaafu kwako. Mafundi wa bamba wamearifiwa. Nakala ya maelezo hayo imeambatishwa.

Kuhusu koti: mlalamikaji haombi lirudishwe, na ofisi hii haijui kosa hilo liitwe nini. Shauri limefungwa.

Kapteni Laisani Tukana
Kny: Mkuu wa Ofisi


Waidrakai,
22 Julai 2017

Inosi,

Nimeyasoma uliyoyaandika Suva. Safari hii nimesoma kila neno, mara mbili, na miwani.

Usitegemee shukrani. Kama ulikuwa na karatasi safi mfukoni ulikuwa na mdomo pia. Na sauti yangu si mbaya, wale vijana walikuwa hawajui muziki.

Jioni nilikwenda kwa Makereta nikamsomea barua ya kapteni. Nilipomaliza nililia, nakwambia kwa sababu najua utasikia tu kwa watu wa hapa. Nililia kwa hasira. Miaka yote hii!

Koti lako linanibana kwapani. Nitalivaa hivyohivyo tarehe tisa Septemba, nishani zote, nikae mstari wa mbele. Wewe utakuja umevaa nini sijui, shauri yako.

Sajini Eroni Nabalarua


Nukubolavu,
5 Agosti 2017

Sajini mla vyura,

Nitakuja nimevaa shati lako.

Ninalo. Ulidhani nililitupa? Salanieta alikuwa akilifua kila mwaka, Krismasi ikikaribia, na kulikunja upya. Alikuwa akinitukana wakati wa kulikunja. Alisema, mpelekee mwenye shati shati lake, na mimi nikimjibu haya mambo ya watani huyajui, mama. Aliyajua kuliko mimi. Tepe zote tatu zipo, na uzi wa Makereta haujaachia hata mahali pamoja. Tumbo langu halitaingia, lakini nitaliacha wazi. Nitasimama hivyo mbele ya kanisa lenu na nitasoma "Sajini" mpaka ng'ombe wakimbie.

Sasa nisikilize. Ule mkeka ulioacha kwenye ukuta, ni ule wenye nyuzi za sufu nyekundu ukingoni? Akina mama waliukuta pale asubuhi, ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, wakamzungushia Salanieta. Kaingia nao ardhini. Nimeuliza kisiwa kizima nani aliuleta, hakuna aliyejua. Laiti ungeandika hata jina lako, pumbavu wewe!

Sijakusamehe, na sijakuomba unisamehe. Lakini mazishi ya mke wangu hayajaisha, na anayeyachelewesha ni wewe. Tukishafunua bamba hatukai kunywa kava kwenu. Tunapanda meli palepale, wewe ndani ya koti langu na mimi ndani ya shati lako, tunakuja huku. Utasimama kaburini kwake unitukane kwa yale matusi uliyoyatunga melini. Yote, usibakishe. Utanitukana mpaka nicheke, halafu Unaisi atatupakulia chakula, na mimi nitakula.

Usije ukafika ukageuza tena. Getini hakuna meza.

Inosi